Motakaa Inayochemka Mlimani: Feni ya Rejeta na Kazi Yake

Mtu atokaye Narok kwenda Nairobi hufika kwanza Mai Mahiu, mji mdogo ulioko chini ya ukuta mkubwa wa Bonde la Ufa. Jina hilo ni la Kikikuyu, na maana yake ni maji ya moto. Hapo ndipo barabara huanza kupanda. Hulipita kanisa dogo sana lililojengwa mwaka wa 1942 na mateka Waitalia waliokuwa wakiitengeneza njia hiyo wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha hukwea pembeni mwa genge mpaka kufika upande wa Limuru kwenye ukungu na baridi, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari.

Si ajabu kuona katika mlima huo motakaa imesimama kando ya njia, boneti imefunguliwa, mvuke unapanda juu, na dereva yuko mbele yake na mtungi wa maji mkononi, hajui aanzie wapi. Mizigo yake ikiwa ni viazi, vitamngoja. Ikiwa ni maziwa, hayangoji mtu.

Achukuliwe kwa mfano mkulima mmoja wa upande wa Narok, mwenye stesheni wagoni iliyokwisha tumika miaka mingi, ambayo humpelekea viazi na kabeji sokoni mara mbili kwa juma. Katika nchi tambarare motakaa hiyo haina neno. Huenda kilomita 80 kwa saa, na mshale wa joto umetulia katikati ya saa yake. Lakini akifika mlimani akayakuta malori yamefuatana, kila moja likivuta shehena yake kwa gia ya kwanza, yeye naye hubanwa nyuma yao na kwenda mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu. Baada ya dakika chache mshale huanza kuinuka. Akibahatika kuyapita malori na kukimbia kidogo, mshale hushuka tena. Akibanwa mara ya pili, huinuka mpaka kwenye alama nyekundu, naye hana budi kusimama.

Mashauri aliyopewa yalikuwa mengi. Mmoja alisema ni uzito wa viazi, mwingine akailaumu petroli. Fundi wa kwanza alitia kidole kwenye mvuke, akatikisa kichwa na kusema, "Mzee, hii ni gasketi ya hedi. Lazima injini ifunguliwe." Bei aliyoitaja ilikaribia karo ya muhula mmoja ya mtoto aliye katika shule ya bweni. Mkulima akarudi nyumbani akiwaza auze ng'ombe gani.

Sasa, fundi yule hakuwa mwongo. Gasketi ya hedi ikiungua, maji huchemka kweli. Kosa lake ni kwamba hakuuliza swali lililopaswa kuulizwa kwanza: maji huchemka wakati gani?

JOTO LATOKA WAPI, NALO LAENDA WAPI

Petroli ikiwaka ndani ya silinda, joto la moto ule hupita digrii 2,000 za sentigredi. Chuma cha injini hakiwezi kuvumilia joto la namna hiyo kwa muda mrefu. Katika nguvu yote iliyomo katika petroli, karibu theluthi tu ndiyo inayozungusha magurudumu. Sehemu kubwa hutoka kwa bomba la moshi, na sehemu nyingine, ambayo nayo yakaribia theluthi, huingia katika chuma na kupokewa na maji. Pampu huyasukuma maji hayo yazunguke katika mifereji iliyomo ndani ya injini, kisha hupita katika mpira wa juu na kuingia rejeta. Humo hushuka katika vijibomba vyembamba vilivyozungukwa na mapezi ya bati jembamba, na upepo upitao katikati ya mapezi hayo huchukua joto na kulitupa nje. Maji yaliyopoa hurudi injini kwa mpira wa chini.

Hivyo rejeta peke yake haipoozi kitu. Kinachopooza ni hewa. Motakaa iendapo mbio barabarani, hewa huingia yenyewe kwa nguvu kupitia tundu za mbele, na feni haina kazi yoyote. Lakini motakaa isimamapo, au iendapo polepole nyuma ya lori, hewa haisukumwi tena, na hapo ndipo feni hutakiwa kuivuta. Mtu aliyelielewa jambo hili ana ufunguo wa nusu ya maradhi yote ya joto la injini.

Kwa maana motakaa ichemkayo ikiwa imesimama au ikienda polepole, na kupoa inapokimbia, huonyesha karibu waziwazi kwamba feni yake haifanyi kazi. Na ile ichemkayo inapokimbia, au inapopanda kwa nguvu huku upepo ukiipiga usoni, lakini ikatulia inaposimama, feni yake si ya kulaumiwa; maji yamepungua, au rejeta imeziba, au pampu imechoka, au thamostati haifunguki vema, au mpira wa chini umekuwa laini kwa uzee na kunyonywa hata kuta zake zikagusana. Ichemkayo wakati wote, hata asubuhi baada ya safari ya kilomita mbili, ndiyo ambayo fundi yule angekuwa na haki ya kuitazama gasketi yake.

Ile motakaa ya Narok, basi, ilikuwa ikisema ugonjwa wake kila siku ya soko, wala hakuna aliyeisikiliza. Aliyeisikiliza mwisho alikuwa jirani, mzee aliyekuwa dereva wa malori zamani na sasa anafuga kuku. Alipokwisha kuelezwa habari yote aliuliza neno moja tu: "Ndugu yangu, na hiyo feni yako huzunguka?" Mkulima hakuweza kumjibu. Miaka minne amekuwa na motakaa ile, na hakuwahi kuitazama feni yake hata mara moja.

AINA TATU ZA FENI

Feni za zamani, na nyingi za malori hata leo, zimefungwa mbele ya injini na kuzungushwa na mkanda. Injini ikizunguka, nazo huzunguka. Wema wake ni kwamba hazina umeme wa kuharibika. Ubaya wake ni kwamba hula nguvu ya injini wakati wote, hata pale upepo wa njiani unapotosha, na mkanda ukilegea au ukikatika, basi mara nyingi feni na pampu ya maji husimama pamoja. Mkanda hupimwa kwa kidole gumba: ukibonyezwa katikati ya magurudumu mawili uzame kiasi cha sentimita moja hivi, usilegee kama kamba ya kuanikia nguo. Ukiwa na nyufa upande wa ndani, au unang'aa kama kioo, siku zake zimekwisha.

Aina ya pili hupatikana sana katika mapikapu na magari makubwa ya dizeli. Hapo katikati ya mkanda na feni pana klachi ya duara iliyotiwa mafuta mazito ya silikoni. Injini ikiwa baridi, klachi huteleza na feni huzunguka kivivu. Hewa ya moto kutoka rejeta ikiipiga, mafuta hushika na feni huvuma kama kimbunga. Mafuta hayo yakivuja, feni huzunguka kidogo siku zote na kumdanganya mwenyewe, kwa sababu anaiona inakwenda. Njia ya kuipima ni hii: injini ikiwa ya moto, izimwe kabisa na ufunguo utolewe, kisha feni izungushwe kwa mkono. Iwe nzito. Ikizunguka mara tatu nne kwa wepesi kama gurudumu la baiskeli, klachi imekwisha.

Aina ya tatu ni feni ya umeme, ambayo motakaa ndogo karibu zote za siku hizi zinayo. Haitegemei mkanda, ina mota yake ndogo, nayo huwaka pale tu joto la maji linapofika mahali pake, mara nyingi kati ya digrii 95 na 100, kisha huzima. Wazo la kuipumzisha feni isipohitajiwa si jipya hata kidogo. Peugeot 404, gari la aina iliyoshinda mashindano ya Safari katika Afrika ya Mashariki miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, lilitengenezwa na feni iliyoshikwa na sumaku ya umeme, ikiachiliwa injini ikiwa baridi. Na Volkswagen ya mgongo wa kobe, iliyoshinda mwaka wa 1962, haikuwa na rejeta wala maji. Ilipoozwa kwa hewa tupu iliyosukumwa na feni ya mkanda. Watu waliokuwa nazo walipenda kuwacheka wenzao waliosimama mlimani na mitungi, mpaka siku ile mkanda wao ulipokatika.

KUITAFUTA HITILAFU YA FENI YA UMEME

Kazi hii haihitaji vyombo vingi. Taa ndogo ya kupimia umeme, vipande viwili vya waya, na subira. Lakini kabla ya yote mtu ajue kwamba katika motakaa nyingine feni ya umeme huweza kuanza kuzunguka yenyewe hata ufunguo ukiwa umetolewa, kwa sababu joto bado limo. Vidole, tai na mikono mirefu ya shati visikaribie mapanga yake mpaka waya zake zimechomolewa.

Jambo la kwanza ni kutazama maji, injini ikiwa baridi kabisa. Watu wengi huruka hapa, na ni makosa, kwa sababu kile kipimio kiambiacho feni iwake hukaa ndani ya maji. Maji yakipungua mpaka kipimio kikabaki katika hewa, hakitambui joto, na feni haitawaka hata kama ni nzima. Mshale wa saa nao huweza kushuka ghafula kwa sababu hiyo hiyo. Dereva akiuona umeshuka hufurahi na kukanyaga mafuta, kumbe maji yamekwisha na injini inakauka. Mshale ulioanguka ghafula baada ya kupanda sana ni habari mbaya kuliko ule uliobaki juu.

Maji yakiwa sawa, injini iwashwe na iachwe ikinguruma motakaa ikiwa imesimama, huku mshale ukitazamwa. Ukipita katikati na kuendelea kupanda bila sauti ya feni kusikika, injini izimwe kabla haijachemka. Njia fupi zaidi, katika motakaa zenye mtambo wa kupooza hewa ya ndani, ni kuuwasha mtambo huo: katika nyingi, feni hutakiwa kuanza mara hiyo, au baada ya muda mfupi sana. Ikianza kwa njia hii lakini haianzi kwa joto, basi mota na waya zake ni nzima, na kosa liko kwenye kipimio cha joto.

Isipoanza kwa njia yoyote, fyuzi ndiyo ya kwanza kutazamwa. Iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine yenye kipimo kile kile kilichoandikwa juu ya kisanduku, wala kisitumiwe kipande cha waya wa shaba au karatasi ya fedha ya sigara, kama ilivyo desturi ya watu wenye haraka. Fyuzi huungua kwa sababu. Ikiungua ya pili, mota imeshikana au waya umechubuka na kugusa chuma, na waya wa shaba uliowekwa mahali pa fyuzi hautaungua. Kitakachoungua ni motakaa.

Baada ya fyuzi huja rilei, kijisanduku kidogo kinachopokea amri ndogo na kupitisha umeme mkubwa. Mara nyingi rilei ya feni huwa sawa kabisa na ya honi. Zikiwa na namba moja zibadilishane mahali. Feni ikizunguka na honi ikanyamaza, jibu limepatikana bila kutumia hata senti.

Kisha kipimio cha joto. Katika motakaa za miaka ya nyuma ni swichi yenye waya mbili, iliyokazwa chini au ubavuni mwa rejeta. Waya hizo zichomolewe na kuunganishwa pamoja, ufunguo ukiwa umefunguliwa. Feni ikizunguka, swichi ndiyo mbovu. Katika motakaa mpya zaidi kipimio hupeleka habari zake kwenye kompyuta ya injini, na hapo waya zake zisiunganishwe. Kukichomoa tu hutosha, kwa kuwa nyingi zimeamriwa kuiwasha feni zikikosa habari za joto.

Yote hayo yakishindikana, mota yenyewe ipewe umeme moja kwa moja kutoka betri kwa waya mbili, ya kwake ya chanya kwenye chanya. Ikizunguka, kosa liko katika waya za motakaa, na mara nyingi ni ule uliofungwa kwenye bodi, ambao huota kutu chini ya skrubu yake. Isipozunguka, igongwe taratibu kwa mpini wa bisibisi. Mota inayoanza baada ya kugongwa ina brashi za kaboni zilizokwisha, nayo itasimama tena, pengine kesho, pengine mlimani.

Yako makosa mawili mengine yasiyoonekana upesi. La kwanza ni feni inayozunguka kinyume kwa sababu aliyeifunga alibadilisha waya. Inavuma vizuri sana, lakini inasukuma hewa kupingana na upepo wa njia. Karatasi nyepesi ikiwekwa mbele ya rejeta inatakiwa kuvutwa na kushikwa, isipeperuke mbali. La pili ni kukosekana kwa kile kizingio cha plastiki kinachoizunguka feni. Kikivunjika katika ajali ndogo, watu hukitupa wakidhani ni pambo. Bila hicho, feni huvuta hewa iliyo karibu nayo ubavuni na kuizungusha bure, na sehemu kubwa ya rejeta haipati kitu.

DAWA MBILI ZA GEREJI

Katika gereji nyingi za kando ya njia pana dawa mbili zinazotolewa kwa kila motakaa yenye joto. Ya kwanza ni kuifunga feni moja kwa moja kwenye ufunguo, ili izunguke wakati wote. Kama msaada wa kufika nyumbani dawa hii si mbaya. Kama matengenezo ya kudumu ni hasara: mota iliyokusudiwa kufanya kazi kidogo kidogo huchakaa upesi, na waya uliopitishwa bila fyuzi wala rilei hupata moto. Wengine huweka swichi ya mkono karibu na usukani, na hapo usalama wa injini yote hutegemea kumbukumbu ya dereva mwenye haraka.

Ya pili ni mbaya zaidi, nayo ni kuitoa thamostati na kuitupa. Fundi atamwambia mwenye motakaa kwamba kitu hicho ni cha nchi za theluji, hakina kazi katika Afrika. Neno hili limesemwa mara nyingi hata likaaminiwa. Thamostati ni mlango mdogo wenye nta ndani yake. Injini ikiwa baridi, mlango hufungwa, maji yasiende rejeta, ili injini ipate joto upesi. Yafikapo digrii 82 au 88 hivi, nta hutanuka na kuufungua. Injini iendayo bila mlango huo hukaa katika ubaridi, hunywa petroli nyingi, na mafuta yake ya kulainisha hupata uchafu na maji. Asubuhi ya Limuru au Kinangop si joto la Mombasa. Tena ziko injini ambazo thamostati yake inapofunguka huifunga njia nyingine ya mkato, ile inayorudisha maji injini bila kupita rejeta. Ikitolewa, njia ya mkato hubaki wazi, sehemu ya maji haifiki kwenye rejeta kamwe, na motakaa iliyotibiwa joto huzidi kupata joto. Thamostati iliyokwama haitupwi bali hubadilishwa kwa nyingine. Kuipima ni rahisi: hutumbukizwa katika sufuria ya maji jikoni na kutazamwa kama itafunguka kabla maji hayajatokota.

MAJI, KIFUNIKO, NA KIMO CHA NCHI

Kila mtu hujua kwamba maji hutokota kwa digrii 100. Neno hilo ni kweli Mombasa. Kadiri mtu anavyopanda, hewa hupungua uzito, na maji hutokota mapema, kiasi cha digrii moja kwa kila mita 300. Nairobi hutokota karibu na digrii 94, na Limuru pengine 92 au 93. Ndiyo sababu maharagwe huchelewa kuiva katika nchi za juu, na ndiyo sababu motakaa iliyo nzima Voi yaweza kutoa mvuke Timboroa.

Kinachoizuia isitoe ni kifuniko cha rejeta, ambacho watu hukiona kama kifuniko cha chupa. Ndani yake mna springi na mpira uliopimwa, ambao huyafungia maji chini ya nguvu, na maji yaliyofungiwa hivyo huweza kupita digrii 115 bila kutokota. Springi ikichoka au mpira ukipasuka, faida yote hupotea. Ni kitu cha bei ndogo, na injini nyingi zimefunguliwa kwa ajili yake.

Kuhusu maji yenyewe, mkulima ana bahati kuliko mtu wa mjini, kwa kuwa ana tangi la mvua. Maji ya mvua hayana chumvi. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa ni ya chumvi, nayo hufanya ndani ya rejeta ukoko ule ule mweupe unaoonekana ndani ya birika la chai, na ukoko huo huyaziba yale mabomba membamba. Maji ya mtoni huleta tope. Lililo bora ni dawa ya rejeta iuzwayo madukani, iitwayo kulanti, iliyochanganywa na maji safi nusu kwa nusu, kwani huzuia kutu na kupandisha kidogo kiwango cha kutokota. Lakini nyingi za dawa hizi zina sumu kali yenye ladha tamu. Iliyomwagika uani isiachwe. Mbwa huilamba, na mtoto naye aweza kuionja.

Nje ya rejeta pia patazamwe. Mbegu za nyasi, vumbi na wadudu hujaa katika mapezi mpaka hewa isipite. Huoshwa kwa maji ya mpira yasiyo na nguvu nyingi, yakielekezwa kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu urudi ulikotoka. Rejeta za zamani zilikuwa za shaba, na fundi wa kulehemu aliweza kuziba tundu kwa risasi. Za siku hizi ni za alumini na pembe zake ni za plastiki. Zikipasuka mara nyingi hubadilishwa, na anayeahidi kuziziba kwa sabuni na manjano anatafuta pesa ya chakula cha mchana.

NJIANI, MVUKE UKIISHA KUTOKA

Dereva aonapo mshale unapanda, azime mtambo wa kupooza hewa na afungue ule wa kupasha joto ndani ya gari kwa nguvu zote. Hali itakuwa mbaya kwa abiria, lakini joto lile linatoka katika injini. Asipopata nafuu, asimame mahali pa salama na kuizima.

Hapo ndipo watu huumia. Kifuniko kisiguswe. Maji yaliyo chini yake yamepita kiwango cha kutokota na yanazuiwa na kifuniko hicho tu. Kikilegezwa, yote hugeuka mvuke kwa mara moja na kuruka usoni. Kitambaa mkononi si kinga. Ingojwe nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu ushikike kwa mkono bila kuunguza. Kisha maji yaongezwe kidogo kidogo, injini ikiwa imeshapoa, kwa kuwa maji baridi yakimwagwa katika chuma chenye moto hedi huweza kupasuka, na hapo ile bei ya fundi wa kwanza itakuwa halali. Baada ya kujaza, hewa iliyonaswa ndani itolewe kwa kuiacha injini ikinguruma, pua ya motakaa ikielekea mlimani, mpaka mapovu yakome.

Mapovu yasiyokoma ni habari nyingine. Yakiendelea kutoka, au moshi mweupe ukatoka nyuma bila kwisha, au mafuta ya injini yakawa na rangi ya chai ya maziwa, gasketi ya hedi imeungua kweli, na injini haina budi kufunguliwa.

Ile ya Narok haikuwa na hata moja katika hayo. Jirani mfugaji wa kuku aliiwasha, akangoja, akauona mshale ukipanda nayo feni imelala. Fyuzi ilikuwa nzima. Rilei ilibadilishana na ya honi, pasiwe na badiliko. Mota ilipopewa umeme wa betri haikusogea. Ilipogongwa kwa mpini ilizunguka mara mbili, ikasita, ikanyamaza. Brashi zake zilikuwa zimebaki kama kucha. Mota iliyotumika ya aina ile ile ilipatikana mjini, ikafungwa alasiri moja na wazee wawili kwa spana tatu, na ng'ombe akabaki zizini.

Siku ya soko iliyofuata malori yalikuwa yamefuatana mlimani kama kawaida. Mkulima alibanwa nyuma yao kwenye kona ya tatu. Mshale ukainuka, ukapita katikati kidogo, na mbele ya miguu yake sauti ikaanza kuvuma. Alizima redio apate kuisikia vizuri.